Wabishnoi wa Bara Hindi: Somo juu ya Wakulima na Amri Zao



Mwezi huu twataka kujifunza habari za watu wasio wa imani yetu. Wengi wetu tukilisikia neno Mhindu, twamfikiri mtu wa duka: amekaa nyuma ya meza yake, kitabu cha hesabu kiko mbele yake, na nguo za kuuza zimetundikwa mlangoni. Wazee wa pwani waliwaita watu hao Mabanyani, na asili ya jina hilo ni wafanya biashara. Wengi wao walitoka Gujarat, upande wa magharibi wa Bara Hindi, wakavuka bahari kutafuta riziki. Lakini aliyeliona duka moja hajaiona nchi. Huko kwao Wahindu wengi mno hawana maduka. Ni watu wa jembe na ng'ombe kama sisi, wanaotazama mawingu na kuhesabu siku za mvua.

Basi leo tutawatazama Wahindu wa shamba, jamii moja waitwao Wabishnoi. Tuna sababu mbili. Ya kwanza ni Amri ya 8, isemayo tusimshuhudie jirani uongo. Mtu asemaye habari za dini ya mwenzake bila kuijua yu karibu sana na kuivunja amri hiyo, hata akisema kanisani. Sababu ya pili ni jambo la aibu lililotupata sisi wenyewe, nalo tutalieleza mwishoni.

1. Nchi yao

Wabishnoi wengi wakaa katika jimbo la Rajasthan, kaskazini magharibi ya Bara Hindi, hasa pande za Jodhpur, Bikaner na Nagaur; wengine wako Haryana na Punjab. Zamani za wafalme nchi ya Jodhpur iliitwa Marwar. Ni nchi ya mchanga, ukingoni mwa jangwa la Thar. Mvua huja majira moja tu, tangu Julai hata Septemba, na kwa kawaida mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 400. Mwaka mwingine mawingu hupita juu bila kushusha kitu.

Katika nchi hiyo hulima uwele, choroko na ufuta. Hufuga ng'ombe, nyati wa maziwa na ngamia. Nyumba zao hazisongamani sana, maana watu wengi hujenga katikati ya mashamba yao. Maji ya mvua huyakusanya katika mabirika yaliyochimbwa ardhini, na kila tone lina hesabu yake.

Tena uko mti mmoja ambao bila huo nchi ile ingewashinda. Waitwa khejri, ni mti wa miiba, nao wafanana na migunga yetu. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji, hata wakati wa kiangazi kikali majani yake hayaishi. Majani hayo ni chakula cha mifugo. Maganda yake machanga hupikwa yakawa mboga, nayo hukaushwa na kuwekwa akiba. Mizizi yake huongeza rutuba katika mchanga, kwa hiyo mkulima hauondoi shambani mwake, bali hupanda uwele chini yake, na uwele ule husitawi.

2. Mwalimu wao

Mwaka 1451, katika kijiji cha Pipasar karibu na Nagaur, alizaliwa mtoto aliyeitwa Jambheshwar. Wafuasi wake humwita Jambhoji. Alikuwa wa jamaa ya Warajput, yaani watu wa vita na utawala. Lakini yeye alichunga ng'ombe miaka mingi. Mapokeo yasema kwamba alipokuwa mtu mzima njaa kubwa iliishika nchi. Watu walikata miti ili wawape wanyama majani, wakawinda swala ili wale. Na miti ilipokwisha na swala walipokwisha, wao wenyewe waliihama nchi. Jambhoji aliyaona hayo, akafahamu kwamba binadamu alikuwa ameyakata maisha yake kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka 1485 aliwakusanya watu juu ya kilima cha mchanga kiitwacho Samrathal, akawapa amri 29. Katika maneno ya nchi ile bish ni ishirini na noi ni tisa. Ndiyo maana waitwa Wabishnoi, watu wa ishirini na tisa. Waliomfuata walikuwa hasa wakulima wa kabila la Wajat, pamoja na watu wa makabila mengine. Tangu hapo wamekuwa jamii moja, na huoana wao kwa wao.

Jambhoji alifundisha kwamba Mungu ni mmoja, hana umbo, naye alimtaja kwa jina la Vishnu. Hakutaka watu wasujudie sanamu. Hotuba zake 120 zimehifadhiwa, na mpaka leo husomwa kwa sauti asubuhi mbele ya moto wa ibada. Alikufa mwaka 1536, na kaburi lake liko Mukam, katika nchi ya Bikaner. Mara mbili kila mwaka, katika siku ambazo mwezi hauonekani, watu maelfu husafiri kwenda huko, wakichukua samli ya kutia motoni na nafaka ya kuwapa ndege. Wabishnoi wasadiki kwamba Jambhoji hakuwa mwalimu tu, bali Vishnu mwenyewe aliyewajia. Hapo imani yetu na yao zaachana, wala hatutaki kulificha jambo hilo.

3. Amri zao

Hatuna nafasi ya kuziandika amri zote 29, lakini tutazipanga kwa mafungu.

Fungu moja ni la usafi na ibada. Mtu aoge asubuhi na mapema. Aombe asubuhi na jioni, amtaje Vishnu, afunge siku ile mwezi usipoonekana. Mama aliyezaa akae siku 30 asifanye kazi za nyumbani, na mwanamke aliye katika siku zake apumzike siku 5. Mtoto akitimiza siku 30, hupewa maji yaliyoombewa, nayo ndiyo alama ya kuingizwa katika jamii.

Fungu la pili ni la mwenendo. Usiibe, usiseme uongo, usisengenye, usigombane, samehe, uridhike na ulicho nacho. Usile nyama. Usitumie afyuni, tumbako, bangi wala pombe. Ukisema, lipime neno lako kabla halijatoka kinywani. Wasomaji wataona kwamba mengi katika fungu hili yafanana na yale tunayowafundisha watoto wa Kipaimara.

Fungu la tatu ndilo lililowatofautisha na watu wengine. Uvihurumie vyote vyenye uhai. Usikate mti mbichi. Usimhasi ng'ombe dume. Uwape hifadhi wanyama wa mifugo wasiende kuchinjwa. Chuja maji na maziwa kabla ya kunywa, tena zikague kuni zako kabla ya kuzitia motoni, wasije wadudu waliomo wakateketea.

Hebu tuifikiri kidogo amri hiyo ya kuni. Mwanamke amerudi kutoka shambani, amechoka, watoto walia njaa. Hata hivyo aichukua kuni moja moja, aigonga chini, aitazama, ndipo aitia jikoni. Hakuna mtu amwonaye. Hakuna askari wala mzee wa baraza. Afanya hivyo leo, na kesho, na mwaka ujao, na binti yake amtazama na kujifunza. Twaomba wasomaji wasiisahau kuni hii, maana tutairudia.

4. Maisha yao na viumbe

Katika vijiji vya Wabishnoi swala na paa hutembea karibu na nyumba kama mbuzi wetu. Huingia mashambani na kula uwele, na mwenye shamba ahesabu kwamba sehemu ile ni haki yao. Swala mama akifa, mtoto wake huletwa nyumbani akalelewa kwa maziwa. Tena imejulikana sana ya kwamba wako akina mama wa Kibishnoi waliowanyonyesha watoto wa swala kwa maziwa yao wenyewe pamoja na wana wao. Jambo hili laweza kutushangaza. Lakini aliyewahi kumwona mkulima akigawa chakula wakati wa njaa ajua ni nani ahesabiwaye kuwa mtu wa nyumbani.

Hata katika mauti wameshika njia yao. Wahindu wengi huwachoma maiti zao. Wabishnoi huzika, na wengi hupumzishwa katika ardhi yao wenyewe. Sababu wanayoitoa ni kwamba kuchoma maiti kwataka kuni nyingi, nao hawataki miti iharibiwe kwa ajili ya waliokufa.

5. Mambo ya Khejarli

Sasa twafika kwenye habari iliyowafanya wajulikane mbali. Kiko kijiji karibu na Jodhpur kiitwacho Khejarli, na jina lake limetoka katika mti ule wa khejri. Mwaka 1730 mfalme wa Marwar, Maharaja Abhai Singh, alitaka kujenga jumba jipya. Jumba lataka chokaa, na chokaa yataka tanuri, na tanuri lataka kuni. Katika nchi ya mchanga kuni zipatikane wapi? Zilikuwako kwa Wabishnoi, kwa kuwa wao peke yao hawakukata. Basi mfalme akamtuma mkubwa wake, Girdhar Bhandari, pamoja na watu wenye mashoka.

Mapokeo ya Wabishnoi yasimulia kwamba watu wale walipofika, mwanamke mmoja jina lake Amrita Devi alitoka nyumbani akawazuia. Wakamwambia kwamba akitaka mti wake upone, atoe fedha. Alikataa, maana kuununua mti kwa rushwa ni kuiaibisha imani yake. Akaukumbatia mti, akasema kwamba kichwa cha mtu kikitolewa ili mti uokoke, bei hiyo ni rahisi. Shoka likamshukia. Binti zake watatu, Asu, Ratni na Bhagu, walimfuata, kila mmoja kwenye mti wake, nao wakauawa.

Habari ikaenea katika vijiji vya Wabishnoi. Watu wakaja, waume kwa wake, wazee na vijana, na kila aliyekuja alishika mti. Hawakuleta silaha. Waliokufa walikuwa 363. Ndipo mfalme alipopata habari, akashtuka, akaamuru mashoka yaachwe, akaomba radhi. Wasimulia kwamba aliandika amri juu ya bamba la shaba, kwamba katika vijiji vya Wabishnoi mti mbichi usikatwe wala mnyama asiwindwe.

Msomaji aweza kuuliza: watu hawa walipata wapi moyo wa namna hiyo kwa siku moja? Twajibu kwamba hawakuupata kwa siku moja. Tangu kilima cha Samrathal mpaka Khejarli ilipita miaka 245. Katika miaka hiyo yote akina mama walikuwa wakigonga kuni zao jikoni. Mtu ambaye kila siku amemhurumia mdudu aliye ndani ya kuni, siku shoka lijapo hahitaji kufanya shauri. Alikwisha kufanya shauri lake tangu utoto. Bwana wetu alisema jambo hili katika Luka 16:10, juu ya uaminifu katika lililo dogo na uaminifu katika lililo kubwa.

6. Habari za siku hizi

Wabishnoi wa leo wana shule, mahakimu, askari na wafanya biashara kama watu wengine. Mti wa khejri ulifanywa mti wa jimbo la Rajasthan mwaka 1983. Huko milimani Himalaya, tangu mwaka 1973, wanawake wa vijiji walikumbatia miti ili isikatwe na wafanya biashara ya mbao, na tangu hapo watu wengi wametaja habari za Khejarli kuwa mfano wa kazi ile. Tangu mwaka 2013 serikali ya India yaikumbuka tarehe 11 Septemba kuwa siku ya waliokufa kwa ajili ya kuilinda misitu.

Kukumbuka ni rahisi. Kushika ni kugumu. Mwaka 1998 watu wa vijiji karibu na Jodhpur walimshtaki mcheza sinema mashuhuri kwamba ameua swala. Alikuwa tajiri, nao walikuwa wakulima. Lakini hawakuiacha kesi mpaka hukumu ilipotolewa mwaka 2018, baada ya miaka 20. Tena katika miaka ya karibuni Wabishnoi wa upande wa Bikaner wamelalamika mbele ya serikali kwa sababu miti ya khejri yakatwa ili pawekwe mitambo ya umeme wa jua. Umeme ni kitu chema, na jumba la mfalme nalo lilikuwa zuri. Swali lao ni lile lile la mwaka 1730: je, hapana njia ya kujenga pasipo kuukata uhai wa nchi?

Wala tusifikiri kwamba Wabishnoi wote ni watakatifu. Wako wanaovuta tumbako, na wako wanaotumia afyuni, ijapokuwa amri yakataza. Sisi tulio wachungaji na walimu twajua vema kwamba orodha ya majina kitabuni si sawa na hesabu ya wanaoshika.

7. Twajifunza nini?

Sasa yatupasa kusema habari ya aibu tuliyoahidi.

Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mmoja tuliokuwa tukiutumikia, tulitaka kujenga nyumba ya mchungaji kwa matofali ya kuchoma. Juu ya kijito palikuwa na mikuyu mikubwa ambayo wazee hawakuikata kamwe. Bibi mmoja mzee, ambaye hakuwa amebatizwa, alitujia akasema, "Mwanangu mchungaji, miti hii ndiyo iliyoyashika maji. Msiikate." Tulimjibu mbele ya watu kwamba hayo ni mambo ya mizimu, na Mkristo haogopi mti. Watu wakacheka. Bibi akaenda zake. Miti ikakatwa, matofali yakaiva, nyumba ikasimama, nasi tukalala ndani yake.

Baada ya miaka michache kijito kile kilianza kukauka kila kiangazi. Akina mama wa usharika walikwenda kuteka maji mbali, na bibi yule pamoja nao, mtungi kichwani. Hakutukumbusha neno hata moja. Tulipokwenda mwishowe kumwomba msamaha, alitukaribisha, akatupa uji, akasema tu, "Pandeni mingine, mwanangu." Tumepanda. Lakini mkuyu haukui kwa miaka miwili.

Tuliposoma habari za Khejarli tulijiona katika habari ile, lakini si upande wa Amrita Devi. Tulikuwa upande wa tanuri. Mfalme alitaka chokaa kwa jumba lake, nasi tulitaka matofali kwa nyumba ya Mungu, na mwanamke aliyesimama mbele ya mti tulimwita mpagani. Kosa letu la kwanza lilikuwa kukata. La pili, lililo kubwa zaidi, lilikuwa hili: kwa kuwa hakuwa wa imani yetu, tulidhani hawezi kuwa na neno la kweli.

Ndugu zangu, hatusemi kwamba dini zote ni moja. Wabishnoi humtafuta Mungu kwa kuzishika amri 29. Sisi twakiri kwamba hakuna amri iwezayo kutuokoa, bali neema peke yake kwa imani katika Kristo. Ungamo hili hatuliachi. Lakini mtu asijifiche nyuma ya neema ili apate kuwa mvivu. Katika Mwanzo 2:15 Bwana alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Katika Kumbukumbu la Torati 20:19 Israeli waliambiwa wasiiharibu miti ya matunda hata wakati wa vita. Katika Mithali 12:10 mwenye haki aujali uhai wa mnyama wake. Maneno haya twayasoma. Wabishnoi, ambao hawakupewa kitabu chetu, wamekufa kwa ajili ya jambo lililoandikwa humo, nasi tulio nacho tulicheka.

Basi kila mwalimu na aanze na kilicho kidogo, kama mama yule na kuni yake. Asiongeze neno la uongo juu ya dini ya jirani. Asikate mti wa chemchemi. Apande mmoja kabla ya kukata mmoja. Hayo hayatatuokoa, lakini siku jambo kubwa litakapokuja, litatukuta tumekwisha kuzoea.

Maswali ya kuulizana katika darasa

1. Kwa nini Jambhoji aliwapa watu amri juu ya miti na wanyama? Njaa ile ilimfundisha nini?

2. Amri ya kukagua kuni na mambo ya Khejarli vyahusianaje? Katika nyumba ya Mkristo, kuni hiyo ni jambo gani?

3. Amrita Devi alikataa kutoa rushwa ili kuuokoa mti wake. Je, sisi tungefanyaje?

4. Katika usharika wenu, ni jambo gani jema ambalo wasio Wakristo wamelijua, nanyi hamkutaka kulisikia? Ni nani apaswaye kwenda kuomba msamaha?

5. Iko chemchemi gani karibu nanyi, na miti yake iko katika hali gani leo? Nendeni mkaitazame pamoja kabla ya kulifunga somo hili.